Kazini wanatuletea mafunzo ya kuzuia kisukari na kupunguza uzito, lakini chai ya saa nne inakuja na sukari yake. Tuanzie wapi?

#1 MtuWaKufungasha
Wakuu, habari za jioni.
Nipo kiwandani hapa Dar, idara ya kufungasha. Wiki iliyopita nimeteuliwa kwenye kamati ya afya ya wafanyakazi, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mnene kuliko wote kwenye kile kikao. Tumekabidhiwa kabrasha. Uongozi unataka tuige ule mpango wa Wamarekani: masomo 16, mtu alenge kupunguza asilimia 7 ya uzito wake, na afanye mazoezi dakika 150 kwa wiki. Shabaha ni wale ambao sukari imeanza kupanda ila bado haijawa kisukari.
Kwenye karatasi ni safi kabisa. Sasa njooni kwetu mkaone. Zamu tatu. Saa nne kengele inalia, dakika 15, watu mbio kwenye chai. Chai inaletwa kwenye ndoo ikiwa imeshatiwa sukari huko huko jikoni, na kila mmoja anapewa maandazi mawili. Hakuna wa kukuuliza unataka vijiko vingapi. Mchana mlima wa wali. Wa zamu ya usiku ndiyo usiseme, anakula chipsi mayai saa nane za usiku nje ya geti.
Hoja yangu: masomo haya yalitungwa kwa mtu mwenye jiko lake na nafasi ya kuchagua. Ukiyaleta kiwandani bila kuigusa ile ndoo, unapoteza muda. Waliowahi kufanyiwa kitu kama hiki kazini kwao, ilikuwaje?

#2 Kitambi_cha_Kudumu
Naweka kambi hapa. Wengine tuna mkataba wa miaka miwili, kitambi kimeshathibitishwa kazini.

#3 NesiWaZamu
Kaka, hilo kabrasha usilitupe bado. Utafiti wa huo mpango wa Wamarekani ulichapishwa 2002, watu 3,234, na karibu nusu yao hawakuwa Wazungu. Waliofundishwa kubadili mlo na kufanya mazoezi, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, ile dawa ya kisukari, asilimia 31.
Ila kuna jambo watu wanaliruka. Yale masomo 16, kila mtu alikaa na mkufunzi wake, wawili tu. Ilikuwa ghali sana. Ndipo baadaye wakajaribu kwa vikundi kwenye YMCA, vituo vya jamii vya mazoezi, kule Indianapolis, gharama ikashuka. Kwa hiyo hata wenyewe walikata wakashona upya. Nanyi kateni.
La pili: si kila mwenye kitambi ni mlengwa. Kwa Wamarekani sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 5.6 mpaka 6.9 (mmol kwa lita) uko mpakani. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanaanzia 6.1. Ikifika 7.0, na ikarudiwa ikabaki hapo, huyo si wa darasa tena, ni wa kliniki.

#4 dogo_Tandika
Asilimia 58 walipona? Basi hiyo ni dawa, iletwe hata kesho.

#5 NesiWaZamu
#4 hapana mdogo wangu, hakuna aliyepona maana hawakuwa wagonjwa. Chukua hivi: kwenye kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, katika kila watu 100 kwa mwaka, 11 walipata kisukari. Kundi la metformin, karibu 8. Kundi la masomo, karibu 5. Hao watano walisoma yote na bado wakaugua. Usije ukamwambia mtu "hukujitahidi".

#6 Mhasibu_Mkaidi
Ngoja niwamwagie maji. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa huko huko Marekani. Kampuni ya maduka ya jumla, wafanyakazi karibu 33,000, vituo 160. Vituo 20 vikachaguliwa kwa bahati nasibu kupata programu ya afya: lishe, mazoezi, msongo wa mawazo. Baada ya miezi 18 watu wa vituo hivyo wakasema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito wao. Walipowekwa kwenye mizani na kupimwa presha: hakuna tofauti ya maana na wenzao.
Chuo Kikuu cha Illinois nako walifanya yao, wakakuta walioshiriki ni wale ambao tangu mwanzo gharama zao za matibabu zilikuwa ndogo na tabia zao za afya nzuri kuliko wenzao. Yaani darasa linajaa wanaojua.
Kampuni inapenda programu kwa sababu ina picha za kupiga. Fulana, maji ya chupa, mgeni rasmi.

#7 NesiWaZamu
#6 takwimu zako ziko sawa ila unalinganisha chandarua na dawa ya malaria. Hiyo ya 2019 ilikuwa masomo ya jumla kwa wafanyakazi wote, wenye afya na wasio nayo. Ile ya 2002 ilichuja kwanza wenye sukari ya mpakani, kisha ikawabana kwa karibu.

#8 Mhasibu_Mkaidi
Sawa dada, na mwajiri wa hapa atawabana nani kwa karibu? Mkufunzi anamlipa nani?

#9 Abuu_Minnesota
Nipo huku Minnesota, kazi yangu ghala la kupakia mizigo. Mimi nimepitia hiyo programu yenyewe, bima ya kazini ililipa. Mwaka mzima: miezi sita ya kwanza vipindi 16, miezi sita ya mwisho kimoja kwa mwezi. Kila kipindi unapanda mizani nyuma ya pazia, namba anaiona mkufunzi peke yake.
Kazi kubwa ni kuandika kila unachokula. Sasa mimi nakula ugali. Nikitafuta kwenye simu, ugali haupo. Chapati haipo, naandika "tortilla". Samaki wa nazi nikaandika "samaki". Mkufunzi, mama mmoja mwema sana, akawa ananisifia wiki tatu. Wiki ya nne mke wangu akanipa chapati mbili niende nazo. Yule mama akaishika moja, akaibonyeza, vidole vikang'aa mafuta, akaniangalia. Tukaanza upya kuanzia hapo.
Nilitoa kilo 6. Zimerudi 3.

#10 Kitambi_cha_Kudumu
#9 hahaha chapati imetoa ushahidi mahakamani.

#11 MamaKantini_Temeke
Mimi ndiye mnayemsema. Sipo kwenye kiwanda cha mleta mada ila nalisha karakana mbili, watu kama 90. Nisikilizeni na mimi.
Ndoo ya lita 20 naweka kilo mbili za sukari. Si kwamba sijui. Nilishawahi kuweka kilo moja na nusu wakati sukari imepanda bei. Siku ileile msimamizi akaitwa, watu wamegoma chai, wanasema mama amekula sukari yetu. Mkataba wangu ulitaka kuondoka hivi hivi. Mfanyakazi anahesabu chai kama sehemu ya mshahara, ukiipunguza utamu umempunguzia malipo.
Mchicha nao mnausema kirahisi. Wa watu 90 unauchambua kuanzia saa kumi na moja alfajiri, ukiiva unakuwa kiganja. Wali hauna shida hiyo.

#12 Fundi_Hesabu
Shikamoo mama #11. Nimechukua kalamu. Kilo 2 ndani ya lita 20 ni gramu 100 kwa lita. Kikombe cha robo lita kina gramu 25, vijiko vidogo sita. Soda ya kola ina kama gramu 10.6 kwa kila mililita 100. Yaani chai yenu ni soda ya moto.
WHO wanasema sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana 25. Mtu akinywa vikombe viwili saa nne amemaliza siku yake, na maandazi bado hatujayagusa.

#13 MtuWaKufungasha
#12 aisee. Hii naipeleka kwenye kamati kama ilivyo. Soda ya moto.

#14 MamaKantini_Temeke
Marahaba mwanangu. Mimi nilikuwa nahesabu kwa kilo, sikuwahi kuhesabu kwa kikombe.

#15 Dokta_wa_Mlonge
Ndugu zangu mnateseka bure. Kuna unga wa majani, wiki tatu sukari inashuka na kitambi kinayeyuka. Njoo kwenye ujumbe wa faragha.

#16 dogo_Tandika
#15 kwenye ule uzi wa nywele ulikuwa unauza unga huohuo wa kuzuia upara.

#17 Dereva_Tunduma
Mimi nashangaa mnajadili chai. Tatizo ni kukaa. Naendesha Dar mpaka Tunduma, nakaa mchana kutwa. Nilianza kazi nikivaa suruali 32, leo 40. Chakula changu hakijabadilika, nilikuwa nakula hivihivi nikiwa utingo, nabeba na kushusha, sina hata shavu.

#18 Mwl_Mstaafu
#17 umenikumbusha jambo. Mwaka 1953 daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris, alitoa utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa. Makondakta wakaonekana wana maradhi ya moyo pungufu kuliko madereva. Huo ulikuwa ugonjwa wa moyo, si kisukari, lakini kiti ni kilekile.

#19 Mhasibu_Mkaidi
Mwalimu, malizia hadithi. Huyohuyo Morris 1956 akaangalia vipimo vya sare zilizogawiwa, akakuta viuno vya suruali za madereva ni vikubwa, hata kwa vijana. Sasa ni kiti kiliwanenepesha, au wanene ndio wanaoomba udereva? Hapo ndipo kila utafiti wa kazini unapokwama.

#20 Dereva_Tunduma
Mimi sikuomba nikiwa mnene. Suruali ya 32 bado ninayo nyumbani, mke anafungia dirisha.

#21 Usiku_Mlinzi
Mnasahau sisi wa usiku. Mwili unataka kulala, wewe unaulisha. Saa tisa usiku njaa inayokuja si ya kawaida, inataka kitu kitamu au cha kukaanga. Asubuhi watu wanapeleka watoto shule, wewe unalala saa tatu za kuibia, joto, muziki wa jirani. Nimefanya lindo miaka minane, sukari 6.4 asubuhi, na sina kitambi hata kidogo. Haya, niambieni nipunguze asilimia 7 ya nini?

#22 NesiWaZamu
#21 kaka swali lako ni zito. Tafiti za manesi wa Marekani, wenzangu, zilionyesha kadiri miaka ya zamu za usiku za kupokezana inavyozidi ndivyo hatari ya kisukari inavyopanda. Uzito unaeleza sehemu, si yote.
Na kuna utafiti wa India, 2006, watu 531. Waliofundishwa mlo na mazoezi hatari ilipungua kwa asilimia 28.5 na uzito wao haukushuka kitu cha maana. Kwa hiyo mizani peke yake isiwe hakimu. Hiyo 6.4 nenda karudie kituoni, na waombe kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita.

#23 HR_Mstaarabu
Nafanya kazi idara ya rasilimali watu, sitasema wapi. Tulileta wapimaji, meza ipo mapokezi, foleni ya watu 60. Matokeo yakatoka kwenye orodha moja yenye majina, ikaachwa kwenye mashine ya kunakili. Kufika mchana kila mtu anajua sukari ya kila mtu. Mwaka uliofuata tukaita tena, wakaja kumi na moja.
Taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mleta mada, kabla ya mizani na masomo, jibuni hili: karatasi ya majibu inalala kwa nani?

#24 binti_Mbagala
#23 asante kwa kusema. Mimi ni wa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Nikionekana nina sukari, unadhani mwezi wa tatu nitaitwa? Nikanenepee kwangu.

#25 Kitambi_cha_Kudumu
#24 dada umenifanya nicheke halafu nikaacha.

#26 Mzee_wa_Supu
Kwetu tulifanya mashindano ya kupunguza uzito, miezi mitatu, mshindi laki tano. Aliyeshinda siku ya kupima mara ya kwanza alikuja na buti za kazi, mkanda wa chuma na funguo za stoo nzima mfukoni. Siku ya mwisho akaja na bukta, hajanywa maji tangu jana yake. Kilo tisa! Alipozimia kwenye foleni ya kupokea zawadi ndipo watu wakaanza kuuliza.
Na zile Jumamosi za pili za mwezi za mazoezi ya kitaifa zilizoanza 2016, ofisi yetu tulikuwa tunakimbia vizuri sana. Tunaishia kwenye supu. Chapati tatu kila mmoja, maana tumekimbia.

#27 Abuu_Minnesota
#26 ndiyo maana sisi walipima kila kipindi, si mwanzo na mwisho. Ukija na buti leo, wiki ijayo utakuja nazo tena.

#28 Kaka_Dona
Mnazunguka sana. Acheni sembe, kuleni dona. Dona haina sukari.

#29 NesiWaZamu
#28 dona ni mahindi, na mahindi ni wanga, tumboni yanakuwa sukari. Ni bora kuliko sembe kwa sababu ya makapi yake, lakini ukila dona ya ukubwa wa kofia, ni kofia ileile.

#30 Kaka_Dona
Sasa tule nini, mawe?

#31 Mwl_Mstaafu
Nusu ya sahani mboga, robo ugali au wali, robo maharage au samaki. Mimi na mke wangu tunafanya hivyo tangu 2019. Miezi ya mwanzo nilikuwa naota wali.

#32 Tumbo_Moja
Mjadala wenu ni wa watu wanaokula mara tatu. Mimi kibarua. Asubuhi nauli, sili. Saa nne chai ya kampuni ndiyo inaniamsha, na yale maandazi mawili moja nakula, moja naweka mfukoni kwa ajili ya mtoto. Mchana nakula mlima kwa sababu usiku huenda hakuna. Unaponiambia nipunguze, nitajaza na nini? Lipeni vizuri kwanza, halafu mniletee somo la mchicha.

#33 Mhasibu_Mkaidi
#32 umesema ambalo kabrasha halina.

#34 NesiWaZamu
#32 kweli, ndugu. Ila nitabishana kidogo na #33 anayefurahia. Mpango wa Da Qing, China, 1986, watu 577, wengi hawakuwa matajiri, na waliwafuatilia miaka 30. Waliobadili mlo na kufanya mazoezi walichelewa kupata kisukari, wakaishi zaidi. Umaskini unafanya iwe ngumu, haufanyi isiwezekane.

#35 Tumbo_Moja
Sawa nesi. Andazi la mtoto nalo tumelihesabu?

#36 Fundi_Hesabu
Kuhusu muda: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Wengi wetu tunapewa nusu yake. Dakika 150 za wiki ni 30 kwa siku tano. Kampuni ikirudisha saa kamili iliyo haki yetu, mtu anakula na kuzunguka ukuta wa kiwanda, na kutembea kidogo baada ya kula kunashusha ile sukari inayopanda na chakula. Hapo hakuna fulana wala mgeni rasmi.

#37 Mzee_wa_Supu
#36 kuzunguka ukuta saa saba mchana Dar mwezi wa pili? Utazuia kisukari, utakufa kwa jua.

#38 MtuWaKufungasha
Wakuu nimerudi, kikao kimefanyika leo. Nilisoma #12 na #23 kwa sauti. Ya karatasi za majibu: wamekubali wapimaji watoke nje na kila mtu aondoke na cheti chake mkononi, kampuni ipewe jumla tu bila majina. Nilipogusa mikataba mifupi, mwenyekiti akasema "hilo tutalitazama". Binti #24 unajua maana yake. Dakika 60 nazo wamesema zina athari kwa uzalishaji. Masomo yatakuwa nane badala ya 16, dakika 20, mwanzoni mwa zamu. Nesi najua utanisema.
Ya ndoo ndiyo ilitumaliza saa nzima. Mwishowe: kuanzia Jumatatu chai itakuja kavu, sukari pembeni kwenye bakuli na kijiko kidogo, kila mtu ajitilie.

#39 NesiWaZamu
Manane? Nakusema. Lakini endelea, na mpime baada ya miezi sita, si wiki sita. Hata wale wa Marekani, baada ya miaka kumi uzito mwingi ulikuwa umerudi, ila hatari bado ilikuwa chini kwa asilimia 34.

#40 MamaKantini_Temeke
Mwanangu, bakuli lifunge na mnyororo.

#41 MtuWaKufungasha
Ripoti ya Jumatatu. Saa nne na dakika tatu bakuli la kwanza, kilo moja, limeisha, na nusu ya foleni bado haijafika. Kuna jamaa wa stoo nimemhesabia vijiko tisa, ya kumi akaniangalia akaacha. Walioikuta tupu wamekunywa kavu huku wanatukana kamati.

#42 Fundi_Hesabu
Kilo moja badala ya mbili. Tayari nusu.

#43 MtuWaKufungasha
Ripoti ya Jumanne. Bakuli halionekani. Zamu ya usiku wanasema liliondoka na zamu ya mchana, zamu ya mchana wanasema waulizeni walinzi. #21 ndugu yangu, si kwenu kwa bahati?

#44 Usiku_Mlinzi
Mimi nipo Mwanza mkuu. Ila kijiko waliwaachia?